Ukuta Usio na Jiwe

Kitendawili.
Tega.
Nina ukuta, hauna jiwe wala udongo;
ukiutazama haupo, ukiusukuma unakusukuma.

Aberdeen, Januari. Saa kumi tu, na giza limeshakaa kitako.
Nje nyumba zote ni za mawe ya kijivu
yanayometameta yakinyeshewa.
Ndani, mezani kwangu: mkono wa chuma, mota moja,
na kisahani cha kioo chenye mistari elfu mbili,
kila mmoja mwembamba kuliko unywele.
Mimi najenga kwa hesabu.

Bi Isbister alikuja kunijaribia.
Miaka arobaini alizalisha watoto visiwani kaskazini,
vidole vyake vinasoma kilichofunikwa.
Akashika kishikio, akafumba macho,
akasukuma pole, pole mno.
"Ukuta wako una nyuki," akasema.

Nikatazama skrini. Taa zote kijani.
"Mashine inasema hakuna kitu."
"Mashine haijawahi kumpapasa
mtoto aliyetanguliza makalio."

Alipoondoka nikaifungua saketi, nikaisikiliza.
Mara elfu kwa sekunde ilikuwa ikiuliza:
imepita mistari mingapi?
Mkono ukienda mbio jibu linaeleweka,
arobaini, arobaini na moja, thelathini na tisa.
Ukitambaa:
sifuri
sifuri
sifuri
moja
sifuri.
Yaani mkono umekufa, umekufa, umekufa,
umeruka kama kiroboto, umekufa tena.
Na mota, mtumwa mtiifu, anaamini kila neno:
analegeza, anapiga, analegeza.
Hao ndio nyuki.

Nikazichuja namba kama tui.
Nyuki wakalala, kweli,
lakini jibu likawa la jana kwa swali la leo,
na ukuta ukabonyea kama uji uliopoa.

Usiku nikasimama kituoni kungoja basi,
mikono kwapani, masikio yakiniuma.
Dakika ya kwanza, mabasi sifuri.
Ya pili, sifuri.
Ya tatu nikacheka peke yangu,
mwenye mbwa akanitazama.
Nani kituoni huhesabu mabasi kwa dakika?
Watu huulizana: la mwisho limepita lini?

Nikarudi maabara, basi likaja bila mimi.

Nikaiambia saketi: acha kuhesabu mistari,
hesabu kungoja.
Una saa kifuani inayopiga mara milioni hamsini kwa sekunde;
mstari ukipita anza, mwingine ukipita koma,
kisha gawa.
Wala usipime mstari kwa jirani yake,
maana aliyeichora hakuilinganisha sawasawa:
pima mpando kwa mpando, mshuko kwa mshuko,
kila kimoja kwa mwenzake wa aina moja,
kosa lijifute lenyewe.
Mkono ukikimbia, rudia hesabu yako ya zamani, hapo inafaa.

Likabaki moja lililonikesha:
mstari usipokuja kabisa, useme nini?
Usiendelee kutangaza kasi ya zamani,
huo ni uongo wa kujifariji.
Kila pigo la saa linalopita kimya,
punguza makisio,
kama mtu anayekubali kidogo kidogo kwamba mgeni haji.
Kanuni hiyo nilikuwa naijua,
tangu barua za Tunu zilipoanza kupishana kwa wiki,
kisha kwa miezi.
Kimya nacho kina kipimo.

Alhamisi Bi Isbister akarudi, koti limelowa.
Akafumba macho, akasukuma
kwa mwendo ambao hata kuvu huota haraka zaidi.
Akafika. Akasimama.
Akaegemea kidogo, ukuta ukamngoja palepale.
Akausugua huku na huku, anatafuta nyuki.

Nilitaka aseme jambo kubwa.
Akavaa glavu moja, ya pili akaisahau mezani,
akarudi kutoka mlangoni kuichukua.
"Mawe tumeyazoea," akasema,
"mji huu mzima ni mawe.
Sasa nitengenezee ngozi."